Tundu la Jicho

Tarehe 2 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mume wangu ana mafua na anaugua kiume, yaani nyumba nzima imelazwa pamoja naye.

Habari kubwa ni kwamba sanduku limeondoka jana. Ni la kijivu, nimeliandika "shika taratibu" pande zote sita kwa mkono wangu. Ndani mna projekta, zawadi yetu kwako. Tunakuja Jumamosi tarehe 12 Aprili, mimi, mume wangu na mama mkwe, na mama mkwe ameshasema hataki kutembezwa wala kuonyeshwa majengo. Anataka tukae sebuleni kwako, tufunge mapazia, tuitazame harusi yetu ukutani, picha kubwa kama mlango wa gereji. Hasa pale unaposimama kwa niaba ya marehemu baba na kunikabidhi. Unajua naye alikua yatima. Anasema hotuba yako ndiyo iliyomfanya anione mwanawe na si mke wa mwanawe.

Nilipokuwa nalifunga sanduku nilimkumbuka baba. Nilikuwa na miaka sita mama aliponichukua tukaondoka, kwa hiyo nilicho nacho ni kidogo, lakini hiki ninacho: ananikalisha juu ya kasha kwenye chumba cha mashine pale sinema, filamu inakatika, watu wanapiga miluzi, naye anaweka mkono mbele ya taa na kuwatengenezea sungura. Sungura wa sikio moja, kwa sababu kidole chake cha shahada kililiwa na mashine. Ukumbi mzima unacheka. Mimi nilidhani sungura wote wana sikio moja mpaka nilipoanza shule.

Natamani angekuwa hai. Mama mkwe anauliza kaburi lake liko wapi, anataka kuweka maua. Utatuelekeza.

Mwanao


Tarehe 9 Machi

Ndugu Opareta, upande wa pili,

Sikuandikii kwa mapenzi. Miaka kumi na moja hatujasemezana na sioni sababu ya kuanza leo, ndiyo maana nimetumia karatasi na si mdomo. Naiweka kwenye boksi la mita ya umeme, kwa kuwa ndicho kitu pekee tulichobaki nacho pamoja.

Mteja wangu mmoja wa nguo amenizawadia projekta. Tarehe 12 Aprili nina wageni wa heshima na lazima iwe inafanya kazi. Sebule ya mama unakumbuka tulivyoigawa. Wewe ulitaka dirisha, mimi nilitaka mlango, fundi akavuta kamba kutoka pembe ya dirisha mpaka pembe ya mlango, na ukuta ukasimama mshazari. Kwa hiyo chumba changu upande mmoja kina mita tatu na sentimita kumi, upande wa pili kina mita mbili na ishirini. Ukuta pekee usio na mlango wala kabati ni ule unaotazamana na huu wetu. Mashine inataka mita tatu na nusu kasoro kidogo ndipo itoe picha ya maana. Nikiisukuma mpaka nyuma kabisa napata picha ya ukubwa wa shuka la mtoto mchanga, tena imekwenda upande kama mlevi.

Fundi anasema njia iliyobaki ni kutoboa ukuta wetu. Mashine ikae kwako juu ya rafu iliyonyooka, mwanga upite kwenye tundu uje kwangu. Tundu litakuwa juu ya kitanda chako. Litakuwa la upana wa sentimita ishirini na urefu wa kumi na tano, na vumbi atazoa mwenyewe.

Nijibu ndiyo au hapana. Maelezo sihitaji.

Mwenye upande wa mlango


Tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikitafuta salamu.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumeshajenga, na sasa wewe ndiye unayeomba ufa. Nimecheka mpaka nikakohoa, na nikikohoa siku hizi nakohoa kwa zamu, asubuhi na jioni.

Umepima kwa futi yako ya kushonea. Futi hiyo imezunguka viuno vya mji mzima kwa miaka thelathini, imelegea. Nimekuwekea futi yangu ya chuma ndani ya boksi. Pima upya, na irudi.

Jibu langu ni ndiyo, lakini si tundu moja. Chumba cha mashine kina matundu mawili: moja la taa, moja la jicho. La taa ni la watazamaji. La jicho ni la mwendeshaji, aone kama picha imekaa sawa au imepinda. Mwendeshaji asiyeona anachokionyesha ni sawa na mpishi asiyeonja. Nataka la pili, ukubwa wa kiganja, usawa wa macho ya mtu aliyepiga magoti kitandani, maana kusimama kwa muda siwezi. Miaka miwili sijavuka mlango huu isipokuwa kwenda kwenye boksi la mita, na hizo ni hatua saba ninazozipiga kwa kushika ukuta. Nataka kuona watu wamekaa gizani wanatazama kitu. Umri wangu wote ndiyo kazi niliyoifanya na ndiyo niliyoipenda.

Na kwa kuwa aliyevunja ukimya ni wewe, namuulizia mwanangu. Barua nne nilizomwandikia zilirudi zimegongwa muhuri wa "amehama". Wewe unajua alikohamia. Nipe anwani tu, stempu nitanunua mwenyewe.

Opareta


Tarehe 14 Machi

Ndugu Opareta,

Tundu moja.

Jicho lako lilitazama ya watu kwa miaka ishirini na minane, limeshiba. Siku mama anakata roho nilimtuma mtu mpaka kwenye chumba chako cha mashine. Ulimjibu nini? "Imebaki rili moja." Dakika ishirini za filamu. Mama aliniuliza mara tatu kama umefika, na mara ya tatu sikumjibu kwa sababu alikuwa ameshanyamaza. Ulipoingia ulikuwa bado unanuka mafuta ya mashine. Kwa hiyo usinifundishe mimi habari za matundu ya macho. Ulikuwa nalo siku ile, na ulilitumia kutazama filamu.

Nimepima kwa futi ya chuma. Ni mita tatu na sentimita kumi na nane. Furahi. Futi nimeikalia kwa sasa, bado fundi anaihitaji.

Mwanao sina habari zake. Watu wazima huhama bila kuaga.

Mwenye upande wa mlango


Tarehe 16 Machi

Mdogo wangu,

Ni kweli, nilimaliza rili. Watu mia nne walikuwa gizani na nikajiambia mama atanisubiri, kwa sababu maisha yangu yote yeye ndiye aliyekuwa ananisubiri. Nimelala na zile dakika ishirini kwa miaka kumi na moja na hazijaisha. Sikuandikii haya ili unihurumie. Huruma yako naijua ilivyo, ina pini ndani kama nguo isiyomalizika.

Basi tundu moja. Fundi aje.

Sharti langu ni kioo. Mashine hizi za kisasa zina feni inayokoroma, na wageni wako wa heshima watadhani umemfungia mtu ndani ya ukuta, jambo ambalo halitakuwa mbali na ukweli. Pia kikohozi changu kitapita, na harufu ya dawa ya kuchua miguu. Weka kioo kwenye tundu na utakuwa umenifunga mdomo bila kunigusa. Kiwe cha milimita nne. Kikae upande wangu, sambamba na ukuta, na nikipachike mwenyewe nikiwa nimekaa kitandani. Fundi wako, kama anajua kazi, atataka kukiinamisha kidogo. Mwambie akiache kama ninavyosema. Rafu iwekwe sentimita sitini kutoka ukutani, lenzi itazame katikati ya tundu, na asisahau pimamaji, maana katika nyumba hii hakuna kilichonyooka.

Na lile la anwani nimeliona ulivyolijibu. Nitauliza tena.

Opareta


Tarehe 20 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mashine imefika nzima. Chumba kilinitoa jasho kwa sababu vipimo vyake ni vya ajabu, lakini fundi amepata ujanja wa kuiweka upande wa pili wa ukuta na kupitisha mwanga kwenye tundu lenye kioo. Leo nimeijaribu kwa picha moja tu, ile ya keki. Keki imekuwa kubwa kuliko kabati langu.

Neno moja kuhusu huo upande wa pili. Nimempangisha mzee mmoja, mgonjwa, hana mtu. Haongei na hapendi kusalimiwa. Msigonge mlango wake kwa wema, atawatukana bure na mama mkwe wako ataondoka na picha mbaya.

Kaburi nitawapeleka. Liko karibu na la bibi yako. Jiwe bado hatujaweka, usishtuke, ardhi ya pale inatitia na tumeambiwa tusubiri.

Mwambie mama mkwe asilete chochote. Aje na miwani yake tu.

Shangazi yako


Tarehe 10 Aprili

Ndugu Opareta,

Jumamosi, saa kumi kasoro dakika tano alasiri, bonyeza swichi ya ukutani. Mengine nitafanya mimi kwa rimoti. Filamu ni ya saa moja na robo. Ikiisha, zima.

Wageni ni watu wazito na wameambiwa upande wako anakaa mpangaji. Kwa hiyo wewe ni mpangaji. Usiite, usigonge, usibishe hodi kwa kisingizio chochote. Dirisha lako funga na pazia shusha, mwanga usije ukavuja. Kikohozi kikikubana, uma mto. Ukikohoa hata mara moja, kioo kikisaidia kisisaidie, Jumapili tundu linazibwa, na huo umeme wa upande wako, ambao mita yake ina jina langu, tutautazama pia.

Unachoonyesha hakikuhusu. Ni mambo ya kifamilia ya mteja.

Mwenye upande wa mlango


Tarehe 13 Aprili

Mdogo wangu,

Naandika ripoti ya onyesho, kama nilivyokuwa namwandikia meneja kila wiki.

Swichi nilibonyeza saa kumi kasoro tano. Picha ilitoka saa kumi na dakika nane, kwa sababu ulikuwa unahangaika na rimoti, nilisikia ukilaani. Mwanga ulikuwa mzuri, rafu haikutikisika. Kukohoa sikukohoa. Maiti hakohoi.

Sasa nikwambie kuhusu kioo. Ukiweka kioo mbele ya taa, si mwanga wote unaopita. Kidogo hurudi nyuma. Ndiyo maana mafundi hukiinamisha, ili kile kidogo kiende chini sakafuni kisimsumbue mtu. Mimi nilikitaka sambamba na ukuta, na ukuta wetu ni mshazari kwa sababu sisi tulikuwa washari. Kilichorudi kilipita pembeni mwa mashine, kikavuka chumba, kikatua kwenye ukuta wangu juu ya ndoo za maji. Ulininyima tundu la jicho, nikajitengenezea ukumbi. Picha hafifu, kama inavyoonekana kupitia maziwa yaliyochujwa, na kulia kulikuwa kushoto. Lakini ilikuwa picha.

Nilitegemea harusi ya mteja wako. Nilikaa kitandani, mgongo ukutani, nikafurahi tu kuona watu wanatembea. Kisha bibi arusi akacheka, na ule mwanya wa mama ukatokea kinywani mwake. Nikajiambia, mzee, macho yako. Kisha nikakuona wewe, umevaa gauni la buluu, umeshika kipaza sauti. Sauti nilisikia kupitia spika zako, kioo hicho hakizuii kitu unapopaza. Ulisema unamkabidhi binti wa marehemu kaka yako. Ulisema nilikuwa mtu mpole na mchapakazi. Ulisema Mungu anilaze pema. Ukalia, mdogo wangu, na kwa machozi yale hata mimi niliamini nimekufa.

Halafu upande wako wa ukuta, si kwenye filamu, mwanamke kijana akasema, "Shangazi, hapa kila mara nalia." Mita tatu kutoka kitandani kwangu.

Ningeweza kuita. Nilijaza pumzi kabisa. Kisha nikafikiria wakwe wamekaa hapo, yeye na nguo zake nzuri, na baba anafufuka nyuma ya kabati akinuka dawa ya miguu. Nikaitoa pumzi. Lakini kunyamaza kabisa sikuweza. Nilipiga magoti, nikapeleka mkono mpaka kwenye kioo, nikamtengenezea sungura. Mkono ule ule, sikio lile lile moja. Nilimweka chini, upande wenu wa kushoto, nikahesabu mpaka kumi, nikautoa. Nilisikia mwanamume akicheka, na kiti kimoja kikasogea. Basi.

Sitakuuliza kwa nini uliniua, najua ilikuwa siku gani. Ulikuwa na hasira, ukaandika, na neno likishatumwa posta haliitiki ukiliita. Nina swali moja tu: aliona? Nilimsubiri jana mpaka gari lao liliposikika linaondoka. Leo nimekaa na mlango wazi. Jibu hilo tu.

Opareta


Tarehe 20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Tulifika salama. Mama mkwe anakusifia kwa kila mtu, na kile chumba chako chenye pembe zisizo sawa amekipenda kuliko nyumba yetu.

Barua hii naandika peke yangu, mume wangu hajui.

Nilimwona sungura. Ulikuwa unasema "marehemu kaka yangu", naye akatokea chini kushoto, juu ya viatu vyangu vya harusi. Sikio moja. Mume wangu akacheka akasema kuna mdudu kwenye taa, mama mkwe akacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikasogeza kiti nikakipa kisogo kabisa kile kioo, kwa sababu nilihisi nikigeuka nitapiga kelele.

Njiani nilikuwa nafanya hesabu. Nilikuwa na miaka kumi na sita uliponiandikia kwamba baba amemfuata bibi kaburini wiki ile ile. Nililia mwaka mzima. Nililala na picha yake chini ya mto mpaka ikapasuka. Ingebidi nikuchukie sasa, na nimejaribu, lakini nimeona ulichokifanya. Mtu aliye hai, anayejua kusoma na kuandika, mwenye shangazi yangu nyuma ya ukuta wa tofali moja, amekaa miaka ishirini na moja bila kuniandikia hata mstari. Hakuuliza hata ninakaa wapi. Ulinipa maiti kwa sababu maiti ana udhuru. Nakushukuru, ulinilinda.

Baba niliyemlilia alikuwa mtu mzuri. Alinipenda, akafa. Huyu wa nyuma ya ukuta simjui, na nafasi ya baba wa pili sina. Mama mkwe ananipenda kama yatima mwenzake. Nimwambie nini, kwamba maua yake tumeyaweka kwa mgeni na marehemu alikuwa anatuchungulia? Yale maua yabaki pale pale kwenye kaburi lisilo na jiwe. Mimi nimeshazika, Shangazi, sifukui.

Naomba uzibe tundu. Ukitaka kumwambia kwamba nilimwona, mwambie. Usipotaka, acha. Sioni kitakachobadilika.

Mwanao


Tarehe 24 Aprili

Mdogo wangu,

Boksi la mita nalifungua asubuhi na jioni. Hatua saba kwenda, saba kurudi. Jana nilikaa sakafuni katikati ya safari na jirani anayeniletea maji akanikuta, akadhani nimeanguka. Nilimwambia napumzika.

Swali ni moja. Hata neno moja linatosha.

Opareta


Tarehe 29 Aprili

Kaka,

Umeuliza swali moja. Hakuona.

Wakati ule alikuwa ameinama anamwokotea mama mkwe wake miwani chini ya kiti, ndicho kiti ulichosikia. Aliyeona ni mumewe, na alidhani ni mdudu kwenye taa. Alipoinuka mkono wako ulikuwa umeshaondoka. Hajui kwamba uko hai, na sitamwambia. Ukitaka kunilaani nilaani, nimeshazoea kuishi karibu na mtu anayenilaani.

Uliniomba anwani yake mara mbili. Sikupi. Usiniulize sababu, maana iliyokuwapo zamani imeisha na iliyopo sasa siwezi kuiandika.

Fundi anakuja Jumatatu saa tatu asubuhi kuziba tundu. Mashine nimeirudisha moyoni mwangu kwenye sanduku lake, ataishusha yeye. Kioo ni chako, kitoe kabla hajaanza, usije ukajikata. Futi yako ya chuma ipo ndani ya boksi. Nimeifuta kutu.

Uliandika kwamba picha ilikufikia hafifu, tena kinyume. Huku ilikuwa angavu na sawasawa. Alipendeza sana.

Mdogo wako


Tarehe 30 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Futi nimeipata. Barua nimeisoma nikiwa nimesimama palepale kwenye boksi, na kurudi kitandani sikushika ukuta, sijui nilifikaje.

Basi hakuona. Wiki mbili na nusu nilikuwa nakufa kila jioni nikidhani aliona akanyamaza. Hilo ningelistahili, lakini nisingeliweza. Kumbe alikuwa ameinama tu. Miwani. Miaka ishirini na minane katika kazi ile na sikukumbuka kwamba mtazamaji huinama.

Kosa ni langu mimi. Nilimweka sungura chini, pembeni, nikahesabu mpaka kumi kama mwizi. Safari ijayo nitamweka juu, katikati ya picha, na nitahesabu mpaka mia. Nimeshaanza mazoezi ya kupiga magoti, asubuhi mara tano na jioni mara tano.

Nakuomba kitu kimoja na sitakuomba kingine. Mwambie fundi asije Jumatatu. Tundu liache, na mashine iache hapo hapo kwenye rafu, naifuta vumbi kila siku. Huyo mtoto anakupenda, nilisikia anavyokuita. Atarudi.

Kaka yako